Kuondoa mchezo kwenye kroslaidi ya mashine ya zamani ya kukereza: mwongozo kamili wa skrubu, nati na kabari

Lalamiko ni lilelile kila mara. Unazungusha hendeli ya kroslaidi (slaidi inayopeleka kisu kwenye kazi na kukitoa) kurudi nyuma, nayo inazunguka karibu robo mzunguko kabla kisu hakijasogea. Fundi mmoja ananunua kipande cha bronzi, anachonga nati mpya, anafunga, na baada ya muda mfupi mchezo, yaani huko kuzunguka bure, umerudi. Mwingine hanunui kitu. Anakaza kabari (kipande chembamba cha chuma kinachobana slaidi isiyumbe) mpaka hendeli inataka mikono miwili, halafu anashangaa njia, yaani nyuso ambazo slaidi huteleza juu yake, zimekwaruzika.

Wote wawili wameanza kutengeneza kabla ya kupima. Mchezo wa hendeli hutoka sehemu nne: nati iliyolika, skrubu iliyolika, kola au beringi inayoishika skrubu upande wa hendeli, na boliti ya nati iliyolegea. Kabari haimo kwenye orodha hiyo. Ikilegea, slaidi inayumba pembeni. Ukiikaza kupita kiasi, unauficha tu mchezo wa skrubu huku ukizila njia. Usipojua ni sehemu ipi inachangia kiasi gani, unanunua vipuri kwa kubahatisha.

Mwongozo huu unafaa mashine nyingi za mtumba kutoka Uingereza, za Colchester, Harrison na za aina hiyo, pamoja na za India zenye muundo unaofanana. Vipimo vya mfano ni vya skrubu ya milimita 20 yenye pichi (umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata) ya milimita 4. Yako inaweza kuwa tofauti, kwa hiyo pima.

## Nani atachonga nati?

Swali hili wengi hulikumbuka mashine ikiwa tayari imelala mezani vipande vipande. Mashine iliyofunguliwa haiwezi kujichongea nati. Una njia tatu: kuchonga nati kabla ya kufungua, ukiivumilia mashine na mchezo wake, kutumia mashine ya jirani, au kununua fito ya skrubu iliyokwisha kukatwa nyuzi pamoja na nati yake ya bronzi. Ukiwa Gerezani (Dar es Salaam) au Kariobangi (Nairobi), jirani mwenye mashine hakosekani. Ukiwa mbali na mji, amua mapema.

## Vifaa

Vya kupimia: dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) yenye kishikio cha sumaku, venia, maikromita, fila geji, geji ya pichi, na rangi ya buluu ya kuonyesha mguso.

Vya kazi: spana na alenki za saizi zote mbili (za inchi na za milimita), nyundo ya plastiki au ya shaba, jiwe la mafuta la kunolea, mafuta ya taa, matambara, oili ya njia ya daraja la 68, na gundi ya epoksi.

Malighafi: kipande cha bronzi, fito ya skrubu ikihitajika, na bamba jembamba la shaba la kuwekea shimu (kipande cha kujazia nafasi).

Kuhusu bronzi, chunga unachouziwa. Kwenye vyuma chakavu shaba ya njano mara nyingi huuzwa kwa jina la bronzi. Piga tupa kidogo: bronzi huonyesha wekundu wa kahawia, shaba ya njano hung'aa manjano. Nati ya shaba ya njano itafanya kazi, ila italika mapema. Bushi kubwa ya zamani ya bronzi ni chanzo kizuri. Kipande kilichoyeyushwa mtaani kikiwa na vitundu vya hewa, kiache. Kitundu kimoja kikitokea kwenye uzi, kazi yote imeharibika.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa boliti yoyote

Zima swichi kuu. Safisha kroslaidi juujuu na utie oili kidogo ili ilainike.

Mchezo wote. Weka sumaku kwenye kareji (sehemu inayobeba kroslaidi juu ya kitanda) na ncha ya dayo geji iguse slaidi upande wa mbele. Zungusha hendeli kuingia ndani mpaka sindano isogee, kisha simama. Weka pete ya vipimo iliyo kwenye hendeli kwenye sifuri. Rudisha hendeli polepole mpaka sindano ianze kurudi, na usome pete. Huo ndio mchezo wote mahali hapo.

Rudia mahali patatu: slaidi ikiwa karibu nawe, ikiwa katikati, na ikiwa mwisho wa mbali. Andika kwa chaki kwenye trei ya mashine, usitegemee kichwa.

Tahadhari: pete nyingine husoma kipenyo cha kazi, yaani slaidi ikisogea milimita 1, pete huonyesha 2. Linganisha pete na dayo geji kwanza. Kama yako ni ya kipenyo, gawa kila usomaji kwa mbili.

Mchezo wa kola au beringi. Kipimo hiki ndicho kinachorukwa zaidi, na ndicho rahisi kuliko vyote. Bandika gololi ndogo ya beringi kwa grisi kwenye tundu la senta lililo mwishoni mwa skrubu, katikati ya hendeli. Ncha ya dayo geji iguse gololi hiyo. Zungusha hendeli kuingia, kisha kutoka. Kabla slaidi haijasogea, skrubu yenyewe itatoka au itaingia kidogo. Kiasi hicho ndicho mchezo wa kola. Kama hakuna tundu la senta, tumia uso bapa wa kitovu cha hendeli na uzungushe kidogo tu.

Boliti ya nati. Kwenye mashine nyingi iko juu ya slaidi, wakati mwingine chini ya kifuniko kidogo au imezibwa na uchafu. Ikaze, kisha pima mchezo wote upya. Ukipungua ghafla, huenda kazi yako imeishia hapo.

Kabari. Geuza dayo geji isome pembeni mwa slaidi, kwenye kona. Sukuma na kuvuta kona hiyo kwa mkono. Sindano ikipita milimita 0.05, kabari imelegea au njia zimelika.

Sasa fanya hesabu. Tuseme mchezo wote katikati ni 0.60, kwenye ncha mbili ni 0.25, na kola inachangia 0.10. Nati ni ileile popote slaidi inapokuwa, kwa hiyo tofauti kati ya katikati na ncha inatoka kwenye skrubu: 0.35. Ukiondoa kola kwenye 0.25, nati inabaki na 0.15. Mwenye mashine hii akibadilisha nati peke yake, atabaki na zaidi ya nusu ya tatizo. Na akiibana nati mpya ili ikae vizuri katikati, skrubu itagoma kwenye ncha ambazo hazijalika.

## Hatua ya 2: Fungua kwa mpangilio

Weka lever ya mwendo wa kujiendesha kwenye nyutro. Ondoa slaidi ndogo ya juu. Piga picha za simu kila unapotoa kitu, hasa mpangilio wa washa na kola upande wa hendeli. Hizo ndizo hurudishwa kinyume.

Fungua boliti ya nati, kisha boliti za breketi ya hendeli. Zungusha skrubu itoke kwenye nati na uivute pamoja na breketi. Legeza skrubu za kabari, itoe, halafu sukuma slaidi itoke kwenye njia zake. Weka ubao juu ya njia za kitanda kabla hujaanza, maana slaidi ni nzito na pembe zake ni kali.

Kitu kikigoma, tafuta pini au skrubu iliyojificha. Usichukue nyundo ya chuma.

## Hatua ya 3: Safisha na kagua

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Chimba uchafu kwenye mizizi ya nyuzi kwa kijiti cha mbao. Tazama skrubu kwenye mwanga: mahali ilipolika, kilele cha uzi kinakuwa chembamba kama kisu, na ncha ambazo hazitumiki hubaki na kilele bapa. Ukiona tofauti hiyo kwa macho, hesabu ya hatua ya kwanza imethibitika.

## Hatua ya 4: Njia na kabari kwanza

Kwa nini hizi zitangulie? Kwa sababu ukikwaruza njia, slaidi inashuka. Ikishuka, nati inashuka nayo, na skrubu haitalingana tena na tundu lake. Anayemalizia kimo cha nati kabla ya njia anaweza kuirudia.

Ondoa vinundu kwa jiwe la mafuta tu. Msasa usikaribie hapa. Chembe zake hujizika kwenye chuma cha kusubu cha njia na kuendelea kusaga kwa miaka.

Paka buluu nyembamba kwenye njia, rudisha slaidi bila skrubu, isogeze kidogo mbele na nyuma, kisha iinue. Alama zikisambaa sawasawa, endelea. Zikikaa kwenye ncha tupu, njia zimelika katikati na zinahitaji kukwaruzwa kwa skrepa, ukilenga alama 10 hadi 12 kwenye kila eneo la milimita 25 kwa 25. Kama hujawahi kukwaruza, mpe anayejua au peleka kwenye mashine ya kusaga bapa.

Kabari iliyolika huingia ndani kuliko kawaida mpaka skrubu yake inafika mwisho. Dawa ni kuijaza mgongoni, upande usioteleza. Pima unene wake sehemu mbili zilizoachana milimita 60. Unene ukitofautiana milimita 1, mshazari wake ni 1 kwa 60. Kwa hiyo, ikiwa imeingia milimita 15 zaidi ya inavyotakiwa, imepoteza milimita 0.25. Kata bamba la shaba la unene huo, likwaruze kwa msasa upande wa gundi, ulibandike kwa epoksi, na ulibane kati ya vyuma viwili vilivyonyooka mpaka gundi ikauke kabisa. Hakikisha vyuma hivyo ni bapa kweli, maana kabari iliyopinda haitakaa.

Umefaulu pale ambapo slaidi, bila skrubu, inasukumika kwa mikono kutoka mwanzo hadi mwisho kwa uzito uleule, na kona haziyumbi.

## Hatua ya 5: Skrubu

Tambua mambo matatu kabla ya kununua au kuchonga.

Kwanza, mkono wa uzi. Skrubu ya kroslaidi kwa kawaida ni ya kushoto, kwa kuwa hendeli ikizungushwa kufuata saa slaidi inatakiwa kwenda mbele. Watu hununua ya kulia kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani, kisha kila mtu karakanani anazungusha kinyume. Siku ya kazi ya haraka mtu anapeleka kisu kwenye chaki (kibano kinachoshika kazi inapozunguka).

Pili, pichi. Pima urefu wa nyuzi nyingi pamoja, usipime uzi mmoja. Hatari kubwa ni kati ya pichi ya milimita 5 na nyuzi 5 kwa inchi, ambayo ni milimita 5.08. Kwa macho hazitofautiani. Kwenye nyuzi 20, moja inafika milimita 100 na nyingine 101.6. Ukichanganya, nati inaweza kuingia mizunguko michache kisha ikagoma. Na hata ukibadilisha skrubu na nati zote mbili, pete yako ya vipimo itadanganya daima.

Tatu, umbo. Nyuzi za Acme (zenye umbo la trapeza) za inchi zina pembe ya digrii 29, za milimita zina digrii 30. Chagua moja kwa skrubu na nati.

Mwisho wa skrubu upande wa hendeli una kola, njia ya ki (mfereji wa kufungia) na mara nyingi gia ya mwendo wa kujiendesha iliyokatwa kwenye skrubu yenyewe. Kuvichonga vyote upya ni kazi ndefu. Nafuu ni kuunganisha: kata skrubu ya zamani mahali nyuzi zinapoanza, toboa mwisho wa zamani tundu la milimita 12 lenye kina cha milimita 30, kisha punguza ncha ya fito mpya iingie humo. Ibakize ndogo kuliko tundu kwa milimita 0.03 hadi 0.05, tia gundi ya kushikia beringi, na ikikauka toboa kwa kukatiza uweke pini ya milimita 4.

Tobolea kwenye chaki ya taya nne, ukiwa umenyoosha kwa dayo geji mpaka sindano isiyumbe zaidi ya milimita 0.02. Chaki ya taya tatu iliyochakaa itakupa skrubu inayopiga teke kila mzunguko, na hakuna namna ya kuirekebisha baadaye. Angalia pia kwamba kiungo hakitafikiwa na nati slaidi ikiwa karibu nawe kabisa.

## Hatua ya 6: Nati

Chonga umbo la nje kwanza, lakini uso unaokaa kwenye slaidi uache mrefu kwa nusu milimita. Utaupunguza wakati wa kufunga.

Funga kipande kwenye chaki ya taya nne, ukiacha nafasi ya milimita 8 hivi kati ya kazi na uso wa chaki. Nafasi hiyo ina sababu: uzi wa kushoto wa ndani, spindo (mhimili unaozungusha chaki) ikizunguka mbele, hukatwa kisu kikianzia upande wa chaki na kutoka nje. Bila nafasi, kisu hakina pa kuanzia.

Kwa skrubu ya 20 kwa 4, toboa na kupanua tundu hadi milimita 16.0. Noa kisu chenye pembe ya digrii 30 na ncha bapa ya milimita 1.33. Kata mpaka kipenyo cha mizizi ya uzi kifike 20.5, yaani kina cha milimita 2.25 kila upande. Ncha ikiwa pana kuliko hapo, umejitengenezea mchezo mpya kabla mashine haijawaka. Ikiwa nyembamba kidogo hakuna shida. Utapanua uzi kwa kusogeza slaidi ndogo ya juu sehemu za mia za milimita.

Kabla ya kila pasi rudisha kisu nje ya uzi, kisha kilete kwenye kipimo kwa mwelekeo uleule mmoja. Mchezo wa mashine unayotumia hautakudhuru ukifanya hivyo. Upana wa baa ya kushikia kisu nao uuangalie: lazima ipite kwenye tundu la 16 pamoja na ncha yake, hivyo usizidi milimita 11 au 12. Baa inapinda, kwa hiyo pasi tatu za mwisho zipite bila kuongeza kina.

Anza kujaribu skrubu mapema. Tia oili na uizungushe kwa vidole. Inatakiwa iingie na kupita yote bila spana, na ukiitikisa ndani ya nati usisikie mlio.

Wapo wanaomalizia kwa kupaka pasta ya kusagia vali na kuzungusha mpaka ilainike. Usifanye. Chembe za pasta hujishindilia kwenye bronzi, ambayo ni laini, na kuanzia siku hiyo nati yako ni tupa inayoila skrubu mpya. Ni heri nati nzito kidogo, italainika yenyewe.

## Hatua ya 7: Kola na beringi ya msukumo

Kwenye mashine za zamani skrubu hushikwa na kola inayosuguana na uso wa breketi, ikirekebishwa kwa nati mbili za kubanana. Chonga nyuso zilizolika ziwe bapa, weka washa mpya za bronzi, na kaza mpaka mchezo ubaki milimita 0.02 au 0.03. Ukimaliza kabisa mchezo huo, skrubu itakuwa nzito ikipata joto.

Kama kuna nafasi, beringi mbili ndogo za msukumo, moja kila upande wa breketi, hulainisha hendeli sana. Namba 51104, kwa mfano, ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 35 na unene wa 10.

## Hatua ya 8: Kufunga na kulinganisha

Rudisha slaidi na kabari, kisha skrubu na breketi. Boliti zote za breketi na ya nati ziache zimelegea.

Zungusha mpaka nati ifike karibu kabisa na breketi. Hapo skrubu haina urefu wa kupinda, kwa hiyo kosa lolote la kimo linajitokeza. Kaza breketi, kisha kaza nati kidogo kidogo huku mkono mwingine ukizungusha hendeli mbele na nyuma. Ikiwa nzito unapokaza, kimo cha nati si sahihi. Ndiyo maana uliacha ile nusu milimita: punguza uso, jaribu, punguza tena. Ukipitiliza, weka shimu.

Dalili inayochanganya wengi: hendeli ni nyepesi slaidi ikiwa mbali na nzito ikija karibu nawe. Usiguse kabari. Ni nati iliyo juu au chini ya mstari wa skrubu.

## Hatua ya 9: Jaribu

Rudia vipimo vya hatua ya kwanza mahali palepale patatu. Mchezo wa milimita 0.08 hadi 0.15, unaolingana mahali pote, ni kazi nzuri. Usihangaikie sifuri; skrubu na nati za kawaida zinahitaji nafasi ya oili.

Kisha lainisha uso wa duara la chuma la kipenyo cha milimita 150 au zaidi kwa pasi nyembamba. Weka dayo geji kwenye kishika kisu na uipitishe juu ya uso huo. Hapa kuna mtego: ukiipitisha upande uleule kisu kilipopita, sindano itatulia tuli hata kama njia zimepinda, kwa kuwa inafuata njia iliyochora uso huo. Ipitishe ivuke senta hadi upande wa pili. Utakachosoma huko ni kosa mara mbili, kwa hiyo ligawe.

Uso ukiwa na bonde dogo katikati, lisilozidi milimita 0.02 kwa kipenyo cha milimita 300, mashine iko vizuri. Ukiwa na mwinuko katikati, rudi kwenye njia, kwa sababu vitu vilivyochongwa hivyo vikikutanishwa vitabembea.

Jaribio la mwisho ni kisu cha kukatia. Kata kipande cha chuma laini kwa mwendo wa mkono, polepole na kwa oili. Zamani kisu kilikuwa kinavutwa ndani ghafla na kuvunjika, kwa kuwa kazi ilikivuta kwa umbali wote wa mchezo. Sasa kinatakiwa kuingia kwa mlio mmoja na kutoa chipsi zinazojikunja. Kama bado kinatetemeka na vipimo vya kroslaidi ni vizuri, weka dayo geji juu ya chaki na uinue chaki kwa gongo la mbao. Sindano ikipanda, tatizo liko kwenye beringi za spindo, na hiyo ni kazi nyingine.

Tia oili ya njia kila asubuhi, pamoja na tundu la oili lililo juu ya nati kama mashine yako inalo. Grisi usiiweke kwenye njia, hukusanya chipsi.